Tangi Jipya la Maji Chumvi: Mwongozo Kamili wa Lini na Namna ya Kuanza Kuwasha Taa

Wafugaji wapya wa samaki wa baharini katika miji ya Arusha na Moshi huleta lalamiko moja kwa maneno tofauti. Tangi limejazwa maji, mawe yamepangwa vizuri, taa imewashwa kutwa nzima tangu siku ya kwanza, na kabla mwezi haujaisha kioo kimefunikwa na utando wa kahawia, kisha mawe yakaota nyuzi za kijani. Wengi wao hukimbilia kununua dawa ya kuua mwani, ilhali chanzo ni taa iliyowashwa kabla tangi halijapata viumbe wa kuutumia mwanga huo kwa faida.

Jibu fupi ni hili: tangi lililoanzishwa kwa mawe makavu, yaani yasiyo na viumbe hai, likae gizani mpaka amonia na nitriti (sumu zinazotokana na kinyesi na mabaki ya chakula) zisome sifuri, na baada ya hapo taa ianze kwa saa nne tu kwa siku, tena kwa ukali mdogo. Kalenda haiwezi kukuambia siku hiyo ni ipi. Vipimo vya maji ndivyo vinavyokuambia. Maelezo yafuatayo yametumia mfano wa tangi la lita 100, nawe utazidisha au kupunguza viwango kulingana na ukubwa wa tangi lako.

Mahitaji

Vitu hivi viwepo vyote nyumbani kabla hujamimina maji:

- Tangi la lita 100 au zaidi, pamoja na meza imara ya kulibeba.
- Mawe makavu kilo 8 hadi 12, na mchanga wa aragoniti, yaani wa madini ya kalsiamu.
- Chumvi maalumu ya tangi la bahari, takriban kilo 4. Chumvi ya mezani haifai kabisa, kwa kuwa haina kalsiamu, magnesiamu wala alkali ambazo viumbe wa bahari wanazihitaji.
- Maji ya RO, yaani yaliyosukumwa kupitia utando unaozuia chumvi na madini, yakamaliziwa kwa kichujio cha resini, na mita ya TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini) ya kuyahakiki.
- Refraktomita, yaani kifaa cha kupimia kiwango cha chumvi majini, na kimiminika chake cha kuisahihishia.
- Hita ya wati 100 hadi 150, pamoja na kipimajoto kinachojitegemea.
- Pampu mbili za kusukuma mkondo, na pampu ya hewa inayotumia betri.
- Vipimo vya matone vya amonia, nitriti, nitrati na fosfati.
- Kloridi ya amonia safi, na mizani ndogo inayosoma sehemu za gramu.
- Taa ya LED ambayo ukali wake unaweza kupunguzwa na kuongezwa.
- Taima ya kidijitali yenye betri ya ndani.
- Daftari.

Taima nimeitaja kwa makusudi kwamba iwe na betri. Taima ya kuzungusha kwa mkono husimama umeme unapokatika na kuendelea pale ilipoachia umeme unaporudi. Umeme ukikatika kwa saa tatu, ratiba yako nzima itachelewa kwa saa tatu kila siku mpaka utakapoirekebisha, na kwa mji ambao umeme hukatika mara kwa mara, baada ya wiki mbili taa inaweza kuwa inawaka usiku wa manane bila mwenye nyumba kujua.

Hatua ya 1: Weka tangi mahali pasipofikiwa na jua

Haina maana kuzima taa ya tangi iwapo jua la dirishani linaingia humo kila siku. Mwanga wa jua ni mkali kuliko wa taa yoyote ya nyumbani, na mwani hautofautishi mwanga ulioukusudia na ule usioukusudia.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo miongozo ya nchi za mbali haiwezi kukuambia. Arusha na Moshi ziko kusini kidogo mwa ikweta, takriban nyuzi tatu na zaidi kidogo. Kwa sababu hiyo, jua la mchana huelemea upande wa kusini kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, kisha huhamia upande wa kaskazini kuanzia katikati ya Machi hadi Septemba. Mtu anayechagua mahali pa tangi mwezi Januari karibu na dirisha linalotazama kaskazini ataona pana kivuli kizuri, na itakapofika Mei atashangaa jua limeingia hadi ndani. Ukuta wa ndani usiotazamana na dirisha lolote ndio salama kuliko mwingine. Ikiwa huna ukuta wa namna hiyo, funika ubavu wa tangi unaoelekea dirishani kwa kadibodi au kitambaa cheusi.

Mwanga wa kawaida wa chumba hauna madhara. Giza linalotakiwa hapa ni lile la kutowasha taa ya tangi na kutopata jua la moja kwa moja.

Ukifunga waya, hakikisha kila waya unaning'inia chini ya kiwango cha soketi kabla ya kupanda kuingia kwenye soketi, ili tone la maji likiteremka kwenye waya lidondoke sakafuni. Maji chumvi hupitisha umeme vizuri mno, na chumvi inayoganda kwenye plagi imewahi kuunguza soketi nyingi.

Hatua ya 2: Andaa maji yasiyobeba chakula cha mwani

Maji yetu ya chini ya ardhi hupita kwenye miamba ya volkano ya Meru na Kilimanjaro. Kila mkazi wa Arusha amesikia habari za floridi kwa sababu ya meno na mifupa, lakini kwa tangi la bahari kinachosumbua zaidi ni silika, ambayo miamba hiyo hiyo huyeyusha ndani ya maji. Silika ndiyo malighafi ambayo mwani wa kahawia, yaani diatomu, hujengea magamba yake. Maji ya bomba au ya kisima yakitumika moja kwa moja, umeupa mwani huo matofali. Ukiwasha taa, umeupa na nguvu ya kujengea.

Kichujio cha mkaa wa mifupa kinachotumiwa mkoani Arusha hupunguza floridi ya maji ya kunywa, lakini hakiondoi silika. Kinachotakiwa ni RO pamoja na resini, na mita ya TDS isome 0 kwenye maji yanayotoka. Ukinunua maji ya RO dukani, nenda na mita yako na upime kabla ya kulipa. Muuzaji mwema hatachukia.

Changanya chumvi ndani ya pipa la plastiki la kuhifadhia chakula, gramu 35 hadi 38 kwa kila lita, huku pampu ikizungusha maji kwa saa kadhaa. Refraktomita isome 1.025 hadi 1.026. Halijoto iwe kati ya nyuzi 25 na 26 za Selsiasi.

Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji ya RO matupu yasiyo na chumvi. Chumvi haikauki pamoja na maji, na anayeongezea maji chumvi hupandisha kiwango cha chumvi kidogo kidogo hadi viumbe waumie.

Hatua ya 3: Komaza tangi gizani

Hii ndiyo hatua inayokatiza watu tamaa, maana kwa wiki kadhaa hakuna cha kutazama. Hata hivyo, kila kitu kitakachofuata kinasimama juu yake.

Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula huzalisha amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao huishi juu ya mawe na mchanga, na hawahitaji mwanga hata kidogo. Mwanga mkali hasa huwapunguzia kasi. Mwani, kwa upande wake, hauwezi kukua bila mwanga, na kati ya vyakula vyake vikuu ni amonia hiyo hiyo. Anayewasha taa kipindi hiki anawanyima bakteria chakula na kumpa mshindani wao.

Pima kloridi ya amonia takriban gramu 0.6, iyeyushe katika kikombe cha maji ya tangi, kisha umimine taratibu mbele ya pampu. Kwa lita 100, kiasi hicho huleta amonia karibu miligramu 2 kwa lita. Baada ya saa moja pima ili uhakikishe. Usitumie amonia ya kusafishia vyoo na vioo, kwa kuwa mara nyingi imechanganywa na sabuni au manukato. Kama kloridi ya amonia haipatikani, kipande cha kamba wa baharini mbichi kisichotiwa chumvi wala viungo, kikifungwa kwenye wavu na kuachwa kioze, kitafanya kazi hiyo, ingawa harufu itakuwapo na kiasi cha amonia hutaweza kukitawala.

Mambo mawili ya ukanda wetu yazingatiwe. La kwanza ni baridi. Usiku wa Juni na Julai mjini Arusha unaweza kushusha chumba kisichopashwa joto hadi chini ya nyuzi 15, na bakteria hawa hupungua kasi sana maji yanapopoa. Hita ifanye kazi hata kama tangi halina samaki hata mmoja. Moshi, iliyo chini zaidi na yenye joto zaidi, haina shida hiyo kwa kiwango hicho.

La pili ni hewa. Arusha iko takriban meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 15 kulinganisha na pwani. Maji ya bahari yenye nyuzi 25 hushika karibu miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita kule Tanga; Arusha hayafiki 6. Bakteria wanaosafisha amonia hutumia oksijeni nyingi. Elekeza pampu moja juu ili uso wa maji utikisike mfululizo, na usiruhusu utando wa mafuta ujitande juu.

Kwa kawaida kipindi hiki huchukua wiki nne hadi sita. Amonia hushuka kwanza. Nitriti hupanda na kukaa juu kwa muda mrefu kiasi cha kukufanya udhani kuna kilichoharibika, kisha huanguka kwa siku chache.

Iwapo una mawe hai

Mfugaji mwenzako akikupa mawe kutoka kwenye tangi lake lililokomaa, hali inabadilika kidogo. Mawe hayo yana mwani mgumu wa rangi ya zambarau na viumbe wengine wanaohitaji mwanga, kwa hiyo washa taa saa nne kwa siku kwa asilimia 10 hadi 20 tangu mwanzo, huku ukiendelea na vipimo kama kawaida.

Usiende Tanga kung'oa mawe au matumbawe baharini. Sehemu ya pwani ile imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, na matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Zaidi ya sheria, mwamba uliovunjwa hauponi haraka, na wanaoutegemea kwa riziki ni wavuvi wa pale pale.

Hatua ya 4: Soma vipimo kwa usahihi

Makosa mengi ya siku ya kuwasha taa huanzia kwenye kusoma rangi. Vichupa vya vipimo visomwe mchana, karibu na mlango au dirisha, nyuma yake pakiwa na karatasi nyeupe. Katika vipimo vingi vya matone, amonia sifuri ni manjano, na hatua inayofuata ni kijani hafifu. Chini ya taa ya LED yenye ubuluu, manjano safi huonekana kijani, na mtu akasubiri wiki mbili bila sababu. Vivyo hivyo jioni chini ya balbu ya manjano, kijani hafifu huonekana manjano, na mtu akawasha taa na kuweka samaki mapema.

Kichupa cha dawa ya nitrati kitikiswe kwa nguvu kama maelekezo yake yanavyosema, kwa kuwa unga wake hutuama chini na usipotikiswa utapata sifuri ya uongo. Pia usiamini kipimo cha nitrati wakati nitriti ingali juu: nitriti hupandisha usomaji wa nitrati.

Tangi limekomaa pale ambapo unaweka tena amonia ya miligramu 2 kwa lita, na baada ya saa 24 amonia na nitriti zote zinasoma sifuri. Likishindwa, lisubiri. Likifaulu, badilisha nusu ya maji ili kupunguza nitrati iliyolundikana, kisha upime fosfati. Mawe makavu mara nyingi huachia fosfati kwa miezi. Ikizidi miligramu 0.1 kwa lita, tumia chembechembe za oksidi ya chuma zinazouzwa kwa ajili hiyo, na uendelee kuacha taa ikiwa imezimwa mpaka ishuke.

Usilenge sifuri kwenye nitrati na fosfati. Nitrati ya miligramu 2 hadi 10 na fosfati ya 0.03 hadi 0.1 zinafaa. Tangi lisilo na virutubisho kabisa hufungulia mlango dinoflajelati, mwani wa kamasi ya kahawia yenye mapovu ambao ni mgumu kuuondoa kuliko nyuzi zote za kijani.

Hatua ya 5: Samaki wa kwanza waingie kabla ya taa

Ushauri wangu ni kwamba samaki mmoja au wawili wadogo waingizwe baada ya maji kubadilishwa, wakati taa bado haijaanza ratiba yake. Mwanga wa chumba unawatosha kuona, kula na kutofautisha usiku na mchana. Samaki mgeni katika tangi lisilo na mwanga mkali hutulia upesi, nawe utaona kama bakteria wanamudu kinyesi halisi kabla hujauongeza mwani kwenye hesabu.

Pima amonia kila siku kwa wiki moja. Ikibaki sifuri na samaki wanakula, songa mbele.

Hatua ya 6: Washa taa

Weka taa sentimeta 20 hadi 30 juu ya maji, na ukali wake uwe asilimia 20. Muda uwe saa nne.

Ratiba ya jioni inafaa zaidi kwa watu wengi, kwa sababu ndipo wanapokuwa nyumbani. Saa kumi alasiri hadi saa mbili usiku ni mwanzo mzuri, na kwa mkazi wa Moshi ina faida nyingine: taa haiongezi joto majini wakati wa jua kali la mchana. Unapoiandika kwenye taima kumbuka kwamba kifaa hicho husoma saa za kizungu, kwa hiyo saa kumi alasiri huandikwa 16:00 na saa mbili usiku 20:00. Isimamie taa siku ya kwanza uione ikiwaka na kuzima yenyewe.

Kwa wiki mbili za kwanza, dalili ya mafanikio ni utando mwembamba tu wa kahawia kwenye kioo na mchanga. Hapo ndipo ulete konokono walao mwani, watatu au wanne kwa kuanzia. Wakiletwa kabla ya utando huo kutokea hufa njaa.

Hatua ya 7: Ongeza kwa zamu

Ongeza saa moja kila wiki mpaka ufike saa nane. Muda ukishatimia, ndipo uanze kuongeza ukali kwa asilimia tano kila wiki. Usiongeze muda na ukali katika wiki moja, kwa kuwa mwani ukichachamaa hutajua kilichousababisha. Andika kila badiliko katika daftari pamoja na vipimo vya siku hiyo.

Tangi la samaki pekee halihitaji kupita asilimia 30 au 40. Mwanga zaidi ya hapo ni kwa ajili ya matumbawe, ambayo ndani ya nyama yake hubeba mwani mdogo unaoyalisha.

Mwani ukitokea

Utando wa kahawia ufute kwenye kioo tu, kwingine uuache. Silika ikiisha nao huisha, mara nyingi ndani ya wiki chache, mradi maji unayoongezea yasome TDS 0.

Nyuzi za kijani zing'oe kwa vidole huku mpira wa kunyonyea maji ukiwa karibu, ili vipande visisambae. Rudi nyuma hatua moja ya ratiba, pima fosfati, na upunguze chakula cha samaki.

Utando mwekundu au wa zambarau unaoteleza na kubanduka kama ngozi ni sayanobakteria. Mara nyingi huota pale mkondo unapokuwa dhaifu. Unyonye, kisha uelekeze pampu sehemu hiyo.

Baadhi ya watu hufunika tangi kabisa kwa siku tatu. Njia hiyo husaidia kwa muda, lakini mwani unaokufa huoza, huachia virutubisho na hula oksijeni, jambo la hatari zaidi Arusha kuliko pwani. Ukilazimika kuifanya, pampu ya hewa iendeshwe usiku na mchana, mwani mwingi uondolewe kwanza kwa mkono, na taa irudishwe kwa saa nne, si nane.

Matumbawe ya kwanza

Tangi likikaa mwezi mzima kwenye saa nane bila mwani kuzidi uwezo wa konokono, na alkali ikibaki thabiti kati ya 8 na 10 dKH (kizio cha kupimia alkali), unaweza kuleta tumbawe laini la kwanza. Siku ya kuliweka, punguza ukali wa taa kwa theluthi moja na uliweke chini kwenye mchanga. Baada ya wiki mbili anza kurudisha ukali taratibu. Tumbawe linalojikunja mchana kutwa na kupauka rangi limezidiwa na mwanga, lisogeze kivulini siku hiyo hiyo. Linalorefuka na kuegemea upande wa taa linaomba zaidi, na hilo unaweza kulipandisha juu ya jiwe.